Mlango Alikuwa Amelala
Safu ya Bibi Mhariri: maswali yenu kuhusu kufungua riwaya ya fantasia

Toleo lililopita niliponyokwa na sentensi moja, kwamba kurasa za kwanza za miswada ya fantasia hunichosha kuliko kurasa nyingine zozote ninazosoma. Nilikuwa nimetoka kusoma miswada mitano mfululizo, na yote mitano ilianza na kuumbwa kwa dunia. Basi barua zimenifurika. Wengine mmenuna, wengine mmenitumia kurasa zenu mkitaka ukweli mkavu. Nimechagua barua sita. Iliyonikalisha kitako nimeipa nafasi, na yenye jibu fupi nimeijibu kwa ufupi.

*

*Shikamoo Bibi. Nimeandika riwaya ya fantasia kwa miaka minne. Marafiki watatu niliowapa waisome wameishia ukurasa wa tano, na wote wanasema "ni nzuri". Mwanzo wake ni huu:*

*"Miaka elfu tatu kabla ya Vita vya Majivu, Miungu Saba waliigawa dunia ya Arvanduru katika milki tano: Zelthi, Morakai, Ushindari, Kaleni na Nchi za Ukungu. Kila milki ilipewa Jiwe la Asili. Mfalme Torandul, mwana wa Eskandul, alivunja Agano la Mawe, na tangu siku hiyo giza likatanda."*

*Unaendelea hivyo kwa kurasa sita, ndipo tunamfikia Nuru, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu. Nimekuambatanishia na ukurasa wa saba. Nimekosea wapi?*
*Mjenzi wa Milki*

Marahaba, mwanangu. Kwanza hao marafiki. Mtu akikuambia "ni nzuri" na asikuulize chochote, ujue aliweka kitabu chini akasahau alikokiweka. Aliyenaswa huuliza. Tena huuliza kwa kero: "Sasa yule ilikuwaje?"

Nimehesabu majina katika sentensi zako tatu. Ni kumi na mawili. Kumi na mawili, na kati ya hao wote hakuna hata mmoja anayeumwa jino. Miungu wamegawa, mfalme amevunja, giza limetanda, lakini hakuna mtu aliyejikwaa kwenye hilo giza. Umenipa daftari la kumbukumbu za nchi ambayo bado sina sababu ya kuihurumia.

Usidhani nakucheka. Mswada wangu wa kwanza niliuandika nikiwa na miaka ishirini na saba, kwa mkono, katika madaftari manne, na ulifunguliwa na nasaba ya wafalme kumi na mmoja. Nilijivunia nasaba ile kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Usiku mmoja nikamsomea mtoto wa kaka yangu, wa miaka tisa, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kunisikiliza. Tulipofika kwa mfalme wa nne akawa amelala. Asubuhi, hata kabla hajanawa uso, akaniuliza: "Shangazi, yule mtoto wa taa alivuka?"

Sikumwelewa. Mtoto gani wa taa? Nikarudi kwenye daftari nikatafuta. Chini ya mfalme wa tatu, katikati ya maelezo ya jeshi lake, nilikuwa nimeandika mstari mmoja: mtumishi mdogo alitangulia darajani na taa, na upepo ulikuwa mkali. Basi. Hakuwa na jina, na sikumtaja tena. Nilimweka pale ili jeshi lipate mwanga wa kupitia. Lakini wafalme wangu wote kumi na mmoja walishindwa na yule mtoto, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeshika kitu kinachoweza kuzimika.

Ilinichukua miezi kukubali. Mwishowe niliandika upya kitabu chote kuanzia darajani.

Sasa turudi kwako, kwenye ukurasa wa saba. Nuru anasugua sakafu ya hekalu. Kitambaa chake kinagusa Jiwe, na Jiwe lile, ambalo limekuwa baridi tangu enzi za babu wa babu yake, linapata joto. Anatazama huku na huku, kisha analifunika kwa ndoo. Nilipofika hapo nilikaa wima kitini. Ile ndoo ndiyo mwanzo wako! Umeificha nyuma ya kurasa sita za miungu. Ningekuwa wewe ningefungua hivi (usininakili, kalamu yako ni yako):

"Jiwe lilipata joto chini ya kitambaa, na Nuru akalifunika kwa ndoo kabla hajajua kwa nini. Kuhani alikuwa ameshafika mlangoni.
'Umemaliza?'
'Bado upande huu.'
Mvuke ukaanza kutoka ukingoni mwa ndoo."

Tazama msomaji ameshajua nini bila kuambiwa. Jiwe hili halipaswi kuwa na joto. Kuna wakubwa ambao hawatafurahi. Msichana ni mdogo kwa cheo na mwepesi wa kuficha, maana yake si mara yake ya kwanza kuficha kitu. Ana haja moja tu kwa sasa, kuhani asiuone mvuke, na hiyo inatosha kutupeleka ukurasa wa pili. Hakuna jina la milki hata moja, na bado tumeshaingia kwenye milki.

Milki zako tano usizitupe. Ziweke kando, kila moja ingoje siku itakapomzuia Nuru kupita. Torandul aje siku Nuru atakapolazimika kujua ni nani aliyelipoza Jiwe. Mipaka ijulikane pale atakapozuiwa kuivuka. Msomaji huifahamu nchi ngeni kama sisi tunavyoufahamu ukuta gizani, kwa kuugonga kwa goti. Ila goti lenyewe lazima liwe la mtu.

*

*Bibi, kila mahali naambiwa nianze katikati ya tukio. Nimefungua na vita: panga, damu, majoka mawili angani. Msomaji wangu wa kwanza ananiambia amepiga miayo. Kulikoni?*
*Upanga Mkononi*

Ushauri huo ni mkongwe, umri wake umepita miaka elfu mbili. Horace, mshairi wa Kirumi, alimsifu Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, kwa kutoanza habari za vita vya Troy kwenye yai alimotoka Helen, mwanamke aliyegombaniwa katika vita hivyo, bali kumtupa msikilizaji katikati ya mambo. Watu wameushika ushauri wakasahau kutazama Homer mwenyewe alituangusha wapi.

Vita vya Troy vilikuwa vimeingia mwaka wa 10. Mapigano yalikuwepo ya kumwaga. Lakini Iliadi, utenzi wa Homer kuhusu vita hivyo, haianzi na panga. Inaanza na ugomvi wa watu wawili wa upande mmoja. Mfalme Agamemnon analazimika kumrudisha mateka wake wa kike kwa baba yake, anaona amevunjiwa heshima, anamnyang'anya Achilles mateka wake ili kufidia. Achilles, mpiganaji bora kuliko wote, anasusa. Ukishajua hilo, kila mkuki utakaorushwa baadaye una uzito, kwa sababu unajua nani hayupo uwanjani na kwa nini hayupo.

Kwa hiyo "katikati" maana yake ni katikati ya jambo linalomchoma mtu fulani, na kelele si lazima ziwepo. Katika vita vyako wageni wanawaua wageni. Mimi nisimame upande gani? Hata joka la kwanza likimla la pili, sijui nilie au nishangilie.

Kama unaing'ang'ania vita, bakia nayo, lakini nijibu swali moja: ule upanga ni wa nani? Tuseme kijana anapigana kwa upanga alioazimwa na kaka yake, na kaka yake yuko upande wa pili wa uwanja, mikono mitupu. Hapo nitasahau hata kuwa kuna majoka.

Halafu, kwa kuwa ulidokeza kwamba toleo jingine la mwanzo wako linafunguliwa na ndoto: usifungue na ndoto. Msomaji akishaogopa, ukamwambia "kumbe alikuwa usingizini", umemkopa imani na hujamlipa. Atakapoona hatari ya kweli ukurasa wa tatu atakungoja uamshe mtu tena.

*

*Kwako Bibi Mhariri. Tatizo langu si mhusika wala tukio. Nasoma fantasia nyingi za lugha nyingine, na ninapoandika kwa Kiswahili sentensi yangu ya kwanza inasikika kama tafsiri. Kila kitu kipo mahali pake lakini hakina damu. Je, Kiswahili kinaweza fantasia?*
*Mwenye Shaka*

Ah. Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikafunga madaftari mengine yote.

Kinaweza, na kina vyombo ambavyo wenzetu wanavitamani. Soma sentensi hizi mbili kwa sauti:

Mlango ulikuwa umefungwa tulipofika.
Mlango alikuwa amelala tulipofika.

Ya kwanza ni taarifa ya fundi seremala. Ya pili ni riwaya. Umefanya nini? Umetoa u- ukaweka a-, na mbao zikapata pumzi. Kabla kitenzi hakijaisha msomaji ameshajua kwamba katika dunia hii milango ni viumbe, kwamba hulala, na kwamba huenda si busara kuwaamsha kwa kugonga. Katika lugha isiyo na ngeli, huenda mwandishi angehitaji maneno zaidi kulieleza hilo. Wewe umelimaliza kwa silabi moja. Wasimulizi wa ngano wamekuwa wakifanya hivi tangu zamani, hata chungu cha kupikia akisema na kutembea kwa a-. Mwandishi wa fantasia anachukua mlango huohuo (huyohuyo!) na kuufanyia kazi kwa makusudi.

Sasa geuza upande wa pili:

Mfalme ulikuwa umekaa kitini tangu jana.

Nywele hazikusimama? Mfalme amenyang'anywa a-. Amekuwa kitu. Amekufa na hakuna anayethubutu kusema? Ni sanamu? Kuna kitu kingine kimevaa ngozi yake? Hujaeleza chochote, na msomaji ameshaanza kutazama mlango wa kutokea.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, ukifanya hivyo kwa kila kikombe na kila kiatu, uchawi unaisha. Kimoja kinatosha katika ukurasa wa kwanza. Ya pili, mwambie msahihishaji wako mapema. Mimi niliwahi kurudishiwa ukurasa wa kwanza wenye duara jekundu nene kwenye "alikuwa", na pembeni neno moja: "Ngeli!" Alikuwa mtu makini, na alikuwa sahihi kwa kitabu chochote isipokuwa kile.

Kuna chombo cha pili, hu- ya mazoea. Kiambishi hiki husema jambo ndivyo lilivyo siku zote, na hakieleweki kama maelezo, kinasikika kama desturi ambayo kila mtu wa pale anaijua:

Vidato vya ngazi yetu huhesabiwa kabla ya kupandwa. Usiku ule kilizidi kimoja.

Sentensi ya kwanza imeweka sheria ya dunia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekuonyesha pa kuweka viatu. Ya pili imeivunja. Huhitaji kutuambia kidato cha ziada ni nini. Ukituambia mapema utaharibu.

Ukikanusha mazoea unapata kitu hichohicho kwa njia fupi zaidi. "Mwaka huu joka hakuja." Maneno manne. Ndani yake mna miaka yote aliyokuja, watu waliokwisha kumzoea, labda hata waliokwisha kumwandalia, na hofu mpya ya kuikosa hofu ya zamani. Nawasihi waandishi wachanga wapende maneno madogo kama tena, bado, safari hii, mwingine. "Mama alituletea baba mwingine" ina historia ndefu kuliko nasaba yangu ya wafalme kumi na mmoja.

Na cha tatu ni -ka-. Tumefundishwa kwamba -ka- hufuata -li-: alikwenda, akaona, akarudi. Ndiyo. Kwa hiyo ukiifungulia hadithi, "Wakamzika mara ya tatu", msomaji anajiona amechelewa kufika. Watu wameshakaa, hadithi imeshaanza, na yeye anavuta kiti kimyakimya aulize jirani yake: mara ya tatu? Mbili za kwanza ilikuwaje? Ni kosa la sarufi lililovaa nguo za heshima. Litumie mara moja tu katika maisha ya kitabu.

Nikiwa bado hapo kwenye lugha: majina. Umeniandikia kuhusu shujaa wako Xyr'thaelq. Mwanangu, lisome jina hilo kwa sauti mbele ya mtu. Jina ambalo msomaji hawezi kulitamka kichwani halisomi, analirukia kwa jicho kama jiwe njiani, na mhusika anayerukwa kwa jicho hapendwi. Si lazima majina yawe ya kawaida. Yawe tu yanatamkika, na kama yana maana nusunusu ndani yake, afadhali zaidi. Mwanamke aitwaye Saliasubuhi tayari ana usiku wake uliompata.

Kuhusu "Hapo zamani za kale" sina ugomvi nayo, wala na "Paukwa! Pakawa!" Lakini kumbuka kwa nini ile ya pili ina nguvu: msikilizaji hujibu. Akishasema "Pakawa!" amekubali kwa kinywa chake kuingia. Kwenye karatasi hakuna anayekujibu. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza iandikwe ili moyoni ajibu. "Mlango alikuwa amelala." Enhe?

*

*Bibi, nina kurasa 212 za maelezo: mimea, sarafu, kalenda yenye miezi tisa, lugha mbili. Riwaya yenyewe sijaanza kwa sababu bado sijaijua dunia yangu vya kutosha. Utajuaje kwamba uko tayari?*
*Kalenda ya Miezi Tisa*

Hutajua.

J. R. R. Tolkien, ambaye hakuna anayeweza kumshutumu kwa kutojali lugha na ramani, alikuwa anasahihisha mitihani alipokuta ukurasa mtupu ambao mtahiniwa hakuujaza. Akaandika juu yake sentensi moja kuhusu kiumbe anayeishi shimoni, akiwa bado hajui kiumbe huyo ni nani. Kitabu kilichozaliwa na sentensi hiyo, The Hobbit, kilitoka 1937. Swali lilimtangulia, na jibu likaja kwa kuandika.

Chukua kalenda yako. Mwezi wa tisa una ubaya gani? Nani huchukia kuzaliwa ndani yake? Huyo ndiye mhusika wako. Andika asubuhi yake moja, na usifungue zile kurasa 212 hata kama umesahau rangi ya sarafu.

*

*Shikamoo. Nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Vitabu vikubwa vilianza kwa kueleza nchi kwanza. Hata Shaaban Robert katika Kusadikika. Kwa nini sisi tunyimwe?*
*Mpenda Taratibu*

Marahaba, na asante kwa kubisha. Umechagua mfano mzuri kuliko ulivyokusudia.

Ni kweli, Kusadikika, iliyotoka 1951, inatupeleka kwanza kwenye nchi yenyewe, nchi iliyoko angani. Lakini mwandishi hatuachi tuelee muda mrefu. Mara Karama amesimamishwa mbele ya mfalme, ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, na lazima ajitetee. Sasa angalia ufundi. Nchi za ajabu zote zinazofuata, safari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, pamoja na mbinguni na ardhini, hatuzipati kutoka kwa mtunga ramani. Tunazipata kinywani mwa mshtakiwa. Kila maajabu anayoyasimulia ni sehemu ya utetezi wake. Akisimulia vibaya amekwisha. Ndiyo maana tunasikiliza.

Kwa hiyo ukitaka kueleza nchi, eleza, ila mpe mtu anayeeleza sababu ya kutokwa jasho.

Na nikuongezee jambo moja kwa upande wako, nisije nikaonekana nashinda kila kesi. Sauti ikiwa na nguvu, taratibu haichoshi. Washairi wa tenzi walikuwa wakianza kwa kumtaja Mungu, kisha wanaagiza wino na karatasi, na hadithi bado haijaguswa hata kidogo, na watu walitulia. Walitulia kwa sababu sauti ilikuwa imeshawashika mkono. Kama una sauti ya namna hiyo, puuza nusu ya safu yangu. Kuna jaribio jepesi: mpe mtu ukurasa wako wa kwanza ausome kwa sauti, wewe ukae nyuma yake usione uso wake. Sikiliza anapoanza kukimbiza maneno. Pale anapokimbia pamechosha, hata kama ni pazuri.

*

Kabla ya barua ya mwisho, maswali madogo yaliyokuja kwenye vikaratasi.

Ramani mwanzoni mwa kitabu? Weka, haimdhuru mtu, wengi huirudia wakifika katikati. Lakini hadithi iweze kusomeka hata kama ukurasa wa ramani umechanika.

Utangulizi unaotokea miaka mia kabla? Nitakuuliza kama ninavyowauliza wote: ukiutoa, sura ya kwanza inavunjika? Katika miswada niliyoisoma, mara nyingi haikuvunjika. Kuna mmoja ambao ilivunjika kweli, na kwa huo nilinyamaza.

Unabii? Mtoto aliyetabiriwa kuokoa dunia hana wasiwasi, na asiye na wasiwasi hanipi mimi wasiwasi. Kama unabii lazima uwepo, basi uwe umemtaja mtu mwingine.

Kioo, mhusika akijitazama ili tujue rangi ya macho yake? Hapana.

Nianze kuandika na mwanzo? Si lazima. Mimi sura ya kwanza huiandika mara mbili, ya kwanza ili niingie ndani ya kitabu, na ya pili baada ya kumaliza kitabu chote, ninapojua hatimaye ni mlango gani niliopaswa kuufungua. Ile ya kwanza huwa haichapwi.

*

Barua ya mwisho ni fupi kuliko zote. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi:

*Shikamoo Bibi. Nina miaka kumi na nne. Dada anasema mwanzo wangu ni mfupi mno, eti nieleze kwanza. Ni huu: "Mama alinituma nirudishe kivuli cha jirani kabla jua halijachomoza. Nilikuwa nimeshakipoteza." Nieleze?*
*Mdogo wa Dada*

Marahaba, mjukuu wangu. Dada mpe pole, na usieleze.

Nimetafuta cha kusahihisha nikakosa, nikapata neno moja tu la kukuuliza: mlikuwa mmekiazima ninyi, au alikuwa amekiacha kwenu? Huna haja ya kunijibu sasa. Ila tangu juzi nikitoka nje asubuhi naangalia chini, na kazi zangu zimelala. Nitumie ukurasa wa pili. Jirani ameshaamka?